Kipikipiki cha bei rahisi: kiwake kwanza, mbio baadaye

Wengi huniuliza kuhusu vile vipikipiki vidogo vya cc 49 wakiwa tayari wana fedha mkononi. Wanataka kujua wafunge ekzosi gani na kabureta ya saizi gani ili kikimbie zaidi. Mimi huuliza kwanza kama kinawaka bila kuvuta kamba mpaka bega liume, na kama breki zinakamata. Mara nyingi jibu ni hapana, na basi fedha ianzie hapo.

Injini yake ni ya tu-stroki, yaani inachoma mafuta kila mzunguko mmoja, na inatetemeka sana, na kilichofungwa kiwandani kwa haraka hulegea mapema. Kikiwa kipya, kabla hujakiwasha, pita na spana kila mahali: bolti za injini, ekzosi, breki, ekseli za magurudumu. Nati zinazolegea kila mara zifungue, zifute grisi, zipake gundi ya nati, kisha uzirudishe. Lakini usikaze kwa nguvu zako zote. Injini ni ya alumini laini, nyuzi za matundu yake huliwa haraka, na zikishaliwa kazi inakuwa kubwa.

Cheni iache icheze kidogo, kama sentimita moja. Ikikazwa sana inaua beringi, na ikilegea sana inaruka na kujisokota kwenye gurudumu.

Kwenye mafuta sina mzaha kabisa. Injini hizi nyingi hazina tangi la oili. Oili inachanganywa na petroli. Wengi wanaoziuza husema sehemu 25 za petroli kwa moja ya oili, yaani mililita 40 kwa lita moja. Kama kijitabu chako kinasema vingine, fuata kijitabu. Pima kwa bomba la sindano, usikisie kwa macho. Oili ikipungua, pistoni inakwaruza silinda na injini inanoki; ikizidi, plagi inachafuka. Kwenye mteremko mrefu usiachie akseli (kishiko cha kuongeza mwendo) moja kwa moja, maana gurudumu linaendelea kuizungusha injini ilhali oili inayoingia ni kidogo mno. Vuta kidogo kidogo.

Ukitaka kujua hali ya injini, fungua plagi. Endesha kwa mwendo mzuri, zima, acha ipoe, kisha itazame ncha yake. Kahawia maana yake mchanganyiko uko sawa. Nyeusi na yenye unyevu maana yake mafuta yamezidi au chujio la hewa limeziba. Nyeupe ndiyo inayonitia hofu: injini inakula hewa nyingi mno kwa petroli inayopata na inaungua. Kabla hujagusa jeti (kitundu cha kabureta kinachopimia petroli), kagua gasketi iliyo kati ya kabureta na silinda. Mara nyingi ni karatasi nyembamba tu, na hewa hupenya pembeni yake. Injini ikiwa inaunguruma bila akseli, nyunyizia maji kidogo kwenye maungio hayo. Mlio ukibadilika, umeshapata pa kuanzia. Dalili nyingine ni injini kupandisha mizunguko yenyewe ikishapata moto.

Kama hukitumii kwa wiki kadhaa, kausha kabureta. Petroli iliyokaa huacha utando, na tundu la jeti ni dogo sana.

Sasa maboresho. Mimi ningenunua mapema pedi nzuri za breki, plagi bora na kifuniko chake, mpira mpya wa mafuta, na kamba ya kuwashia yenye gia za chuma badala ya plastiki. Hakuna kinachoongeza mwendo hapo, lakini ndivyo vinavyokurudisha nyumbani. Kama aliyepanda ni mzito na kilima kinamshinda, badilisha sproketi, ile gia ya meno inayobeba cheni. Ya mbele ikitoka meno 7 kwenda 6, kinavuta vizuri zaidi, na mwendo wa juu unapungua kama asilimia 14. Ukisikia injini inalia lakini chombo hakiendi, hiyo ni klachi inayoteleza, na ekzosi mpya haitaiponya.

Ekzosi ya mbio inabadilisha kiasi cha hewa, kwa hiyo huenda ikadai jeti kubwa zaidi. Kisha klachi inateseka, kisha beringi, na kumbe breki ni zile zile za kiwandani. Silinda kubwa zaidi sipendekezi hata kidogo kwa anayetaka chombo cha kucheza nacho uwanjani. Nguvu ikiongezeka, fremu nayo inabeba mzigo ambao haikuundwa kuubeba. Angalia maungio ya kulehemu karibu na usukani, na ukiona ufa acha kupanda.

Zipo pia hesabu za kuacha kutengeneza. Shika fito ya pistoni uisukume juu na chini. Ikiwa inacheza, beringi ya chini imekwisha. Kufungua krenki (mhimili unaozungushwa na pistoni) ya injini ndogo namna hii kunahitaji vifaa na saa nyingi, na injini nzima mara nyingi inagharimu kidogo zaidi ya vipuri vyenyewe. Nunua nzima, uifunge, na ile ya zamani uichambue: kabureta, sumaku, koili na klachi viweke kwenye sanduku la spea.