Kwani kinyozi anaimba na wembe mkononi? Maswali yenu ya muvi

SWALI: Hujambo kaka. Mimi na mzee wangu tuko Section 58 hapa Nakuru, na Ijumaa watoto wakishalala tunaangalia muvi. Juzi jamaa wetu wa muvi akatuwekea kwa flashi ile Sweeney Todd ya Johnny Depp, akasema ni ya kinyozi analipiza kisasi. Kumbe wanaimba! Kijana wa meli anaimba, kinyozi anaimba, mama wa pai anaimba, mzee akasema hii ni nini sasa akaenda zake kulala. Mimi nikamaliza. Mbona waimbe kwa kitu cha damu hivyo, si wangeongea tu? Na rafiki yangu aliyewahi kuigiza pale Nakuru Players anasema ya jukwaani ndio kali, ni kweli? – Mama Wawili, Nakuru

JIBU: Mama Wawili, mwambie mzee hayuko peke yake. Muvi ilipotoka 2007 hata trela zake zilifichaficha hiyo mambo ya kuimba, watu wakalipa tiketi wakijua ni muvi ya kutisha ya kawaida. Lakini hii stori unayoiona ilitoka jukwaani ikiwa ya nyimbo, Stephen Sondheim alizitunga, Hugh Wheeler akaandika mchezo, ikafunguliwa New York Machi 1979 na ikabeba tuzo 8 za Tony, zile kubwa za michezo ya jukwaani kule Marekani. Sehemu kubwa inaimbwa. Ukitoa nyimbo hakuna kitu kinabaki.

Sasa kwa nini waimbe. Rudisha pale Mrs Lovett, yule mama wa pai, anampa kinyozi nyembe zake, zile alimfichia miaka 15 yote akiwa kifungoni Australia. Anashika moja, anaigeuza anaangalia vile inang'aa, na anaanza kuiimbia, polepole, kwa upole ambao hajampa binadamu yeyote tangu muvi ianze. Na Mrs Lovett yuko hapo hapo nyuma yake, naye anaimba, anamwambia hata mimi ni rafiki yako, nimekungoja, jamaa hasikii, macho yote kwa chuma. Wangekuwa wanaongea, mmoja angelazimika kunyamaza ndio mwingine asikike. Kwa wimbo wote wawili wanafungua roho kwa wakati mmoja, na wewe pekee ndio unawasikia wote, hapo tayari unajua huyu mama mapenzi yake yataishia pabaya.

Halafu kuna pale kinyozi anamwimbia binti yake Johanna, huyo ambaye hakimu aliyemfunga baba amemlea na sasa anataka kumuoa. Sauti imetulia kama ya mzazi anabembeleza mtoto, na huku wateja wanaingia mmoja mmoja, wembe shingoni, anakanyaga pedeli, kiti kinapinduka, mtu anaporomoka hadi chini kwa jikoni ya pai. Muziki haushtuki hata kidogo. Mimi hiyo hunitisha kuliko damu yenyewe, ambayo mwongozaji wa muvi Tim Burton aliimwaga bila huruma. Ingekuwa ngoma za kutisha ungejua mapema uogope, lakini hapa unajipata umefurahia wimbo na mtu amekufa.

Rafiki yako ana pointi, na ni kubwa. Jukwaani kuna umati wa watu wa London ambao wanatoka mwanzoni, wanakugeukia wewe uliyeketi, wanakuambia sikiza habari za Sweeney Todd, na wanarudi tena na tena mpaka mwisho, ile kazi ya fanani na kiitikio chake. Burton akatoa maneno yao, muziki tu ndio umebaki pale mwanzo. Kwangu hiyo ni hasara kabisa, kwa sababu umati ndio ulikuwa unaonyesha huu si wazimu wa mtu mmoja, hakimu alimfunga mtu asiye na hatia juu alimtaka mke wake, na mji mzima ukatazama kando. Kwa muvi imekuwa kisasi cha kinyozi basi. Lakini Depp hana sauti ya kujaza ukumbi, anaimba karibu kama anajisemea, na kamera ikimkaribia usoni hivyo inatosha sana. Wimbo wa wembe nachagua wa muvi, bila kufikiria mara mbili.

Ukitaka mzee arudi, usianze mwanzo. Mwekee pale kinyozi na Mrs Lovett wanachungulia dirishani wakichagua nyama ya nani itatengeneza pai tamu, padri, wakili, mwanasiasa. Atacheka, kisha atauliza walifikaje hapo.

SWALI: Mimi ni mwalimu wa drama, sekondari moja hapa Kakamega. Naweza kuwaonyesha wanafunzi hiyo muvi ya Sweeney Todd ndio wajifunze kutunga mchezo wa nyimbo?

JIBU: Nzima hapana mwalimu. Uingereza waliipa alama ya 18, yaani wa miaka 18 kwenda juu, Marekani R, yaani wa chini ya miaka 17 aingie na mzazi au mlezi, na shingo zinakatwa wazi mbele ya kamera. Kuna toleo la jukwaani lililopunguzwa kwa ajili ya shule, ila linataka kibali cha kulipia. Wewe wachezee sauti ya wimbo wa wembe bila picha, waandike kila mtu anataka nini, kisha watunge wao: mkulima anadai pesa ya miwa na karani anafikiria harusi yake. Mistari minne kila mmoja, wapishane kwanza, halafu waimbe pamoja bila kusikizana.