Paka hatulii, picha zinatoka na ukungu

Umeuliza kama kamera uliyonunua ni mbovu kwa sababu picha za paka wako zote zina ukungu. Si mbovu, ndugu yangu. Ukipiga sebuleni jioni kwa otomatiki, kamera huacha shata (kipazia kinachofunguka kupitisha mwanga) wazi muda mrefu ili ipate mwanga, labda 1/30 ya sekunde. Kufikia hapo paka ameshageuza kichwa.

Weka kamera kwenye S (Canon wameandika Tv), ambapo kasi ya shata unaichagua wewe, kisha chagua 1/500 ya sekunde. Akicheza na kuruka, panda hadi 1/1000. ISO, yaani kiwango cha kamera kuhisi mwanga, iache otomatiki, na ikifika 3200 usishtuke: chengachenga kwenye picha zinavumilika, lakini jicho lililofifia halina dawa.

Sasa mwanga. Nyumba zetu nyingi hapa Nairobi dirisha linatazama ukuta wa jirani, kwa hiyo mpeleke paka nje kwenye roshani asubuhi. Hata mawingu ya Julai yanashinda balbu yako mbali sana, tena hayaleti vivuli vikali. (Kama uko ghorofa ya nne, weka wavu kwanza, tafadhali!) Flashi zima.

Fokasi iwe ya kufuatilia kinachosogea, AF-C au (kwa Canon) AI Servo, nukta moja tu juu ya jicho lililo karibu nawe. Lala chini kabisa, kidevu karibu na sakafu, kisha mtu atikise funguo nyuma ya lenzi. Masikio yakisimama tu, shikilia kitufe upige mfululizo. Nyingi utafuta, ni kawaida.

Lenzi mpya usinunue bado.