Hela ya lenta usitume bado

Dada mmoja anayefanya kazi Muscat ameniandikia juzi. Kiwanja chake kiko Kibaha, msimamizi ni kaka yake wa tumbo moja, na kila Jumamosi anatumiwa picha WhatsApp. Ukuta umenyooka, mafundi wanatabasamu. Sasa ameombwa hela ya lenta, ule mkanda wa zege na nondo unaopita juu ya milango na madirisha, na anauliza kama picha zinatosha kumhakikishia kuwa kazi inaenda vizuri.

Hazitoshi, mdogo wangu. Picha zinakuonyesha tofali. Nyumba inashikwa na vitu ambavyo ukuta ukishapanda hakuna atakayeviona tena: kina cha msingi, nondo, ringi zinazozifunga nondo pamoja, kipimo cha zege, maji yaliyomwagiwa zege baada ya mafundi kuondoka. Mimi nyumba yangu ya Madale nimeisimamia kwa sheria moja tu: kisichokaguliwa hakifukiwi. Ni mwalimu wa sekondari, cheti cha ujenzi sina, lakini masika ya 2024 yalivyoipiga Dar es Salaam, kuta zangu hazikupata ufa. Hilo nalisema kifua mbele.

Kilichonichosha hakikuwa jua wala vumbi. Ni dharau. Nikiuliza swali, fundi mkuu anamjibu dereva wa bodaboda aliyenileta. Nikisema tofali hizi zinamomonyoka pembeni, naambiwa, "Mama, wewe kapumzike, kazi tunaijua." Kazi waliijua kweli. Ndiyo maana walijua pia mahali pa kupunguza.

Jioni moja, kesho yake tunamwaga zege la nguzo, nilipita saiti bila kuaga mtu. Mchoro ulitaka ringi zikae kila baada ya sentimeta 15. Nikatoa futi kwenye pochi. Chini, pale ambapo kila mkaguzi anainama kutazama, ni 15 kamili. Kiunoni, 20. Nikapanda juu ya ndoo nikapima karibu na ncha: 28. Halafu nondo zenyewe zimeegemea mbao, hakuna biskuti, vile vipande vidogo vya zege vya kuzitenga na mbao, hata moja. Zege likimwagwa hivyo, nondo inabaki karibu nje kabisa. Hewa yetu ya pwani ina unyevu na chumvi, nondo inashika kutu, inavimba, na zege linapasuka kwa ndani.

Nikasema zifunguliwe. Fundi akacheka: "Mama, hata maghorofa ya mjini yanafungwa hivi." Nikamuuliza kama analikumbuka ghorofa la mtaa wa Indira Gandhi, lililoporomoka Machi 2013 na kuua watu zaidi ya 30. Akanyamaza. Zikafunguliwa usiku ule ule kwa tochi za simu. Novemba 2024, jengo la Kariakoo lilipoanguka na watu wakawa wanapiga simu kutoka chini ya kifusi, ni yeye aliyenipigia. Hakusema mengi, ila alinisalimia shikamoo.

Sasa zege. Kipimo cha kawaida cha nyumba ya chini ni 1:2:4, yaani saruji ndoo moja, mchanga ndoo mbili, kokoto ndoo nne. Ndoo, si koleo, maana koleo la asubuhi na koleo la saa nane mchana havilingani. Saruji ya nguzo na lenta iwe ya nguvu ya 42.5, namba imeandikwa kwenye mfuko. Ile ya 32.5 iacheni kwa kujengea na plasta. Na maji! Vijana wanapenda zege lililolegea kama uji kwa sababu linamiminika bila jasho. Maji yakizidi, saruji yote uliyoinunua kwa jasho la Muscat inakosa nguvu. Simama hapo. Kama huwezi kusimama, tafuta mtu wa kusimama hapo.

Na nondo zipimwe kwenye mizani. Nondo ya milimita 12 yenye urefu wa mita 12 inakaribia kilo 10.6. Ukipata kilo 8, umeuziwa jina tu.

Maendeleo ya kazi nayo usiyapime kwa kozi ngapi, yaani mistari mingapi ya tofali, zimepanda. Mimi nilihesabu mifuko mitupu ya saruji. Zege la 1:2:4 linakula mifuko sita hadi saba kwa kila mita ya ujazo. Lenta ya sentimeta 20 kwa 20 yenye urefu wa mita 40 ni mita za ujazo 1.6, sawa na mifuko kama kumi na moja. Ukiambiwa imekula 18, saba zimelala kwa nani? Ndugu yangu aliyekuwa akishika hela za vifaa aliacha kuongea nami siku niliyoomba mifuko mitupu iletwe uani tuihesabu. Mpaka leo tukikutana msibani anapita upande wa pili. Inauma, sikufichi. Lakini undugu haubebi paa, na watu wazima tujifunze kudaiana hesabu bila kuonana maadui.

Kwa hiyo, dada, fanya hivi. Tafuta mhandisi aliyesajiliwa na Bodi ya Usajili wa Wahandisi, umlipe kwa safari, si kwa mwezi. Safari ya kwanza iwe sasa, aangalie ukuta kwa timazi na nondo kabla ya mbao kufungwa. Ya pili iwe siku ya kumwaga. Saruji na nondo zilipie dukani moja kwa moja, risiti ije kwako. Hela ya ufundi igawe mafungu, na fungu la mwisho litoke baada ya siku saba za kumwagilia asubuhi na jioni, kwa sababu zege linaendelea kukomaa hadi siku ya 28 na likikauka mapema nguvu hiyo hairudi. Mwagiliaji awe kijana wa jirani, alipwe kivyake, asiwe chini ya fundi.

Kaka yako mpigie kabla mhandisi hajafika, asije akamkuta saiti kama mgeni. Mwambie utaratibu ni wako, na wa kulaumiwa ni wewe.