Mpira wa kupumulia unapopitishwa puani

SWALI: Nitafanyiwa upasuaji wa taya la chini lililovunjika, na daktari wa usingizi amenieleza kwamba mpira wa kupumulia utapitia puani. Alitaja laringoskopu ya kawaida (chombo cha kutazamia koo), laringoskopu ya kamera na mrija mwembamba wa kamera unaopindika. Kwa nini pua, na ni njia ipi yenye madhara machache?

JIBU: Mdomo wako ndio uwanja wa kazi wa daktari mpasuaji. Ili mfupa uungwe sawasawa, meno ya juu na ya chini hayana budi kukutana kama yalivyokutana kabla ya ajali, jambo ambalo haliwezekani mpira ukiwa umepita katikati yake.

Kwa laringoskopu ya kawaida, daktari huinua ulimi, hulitazama zoloto, yaani mlango wa koo la hewa, moja kwa moja, na mara nyingi huiongoza ncha ya mpira kwa koleo la Ivan Magill, daktari aliyewahudumia askari waliojeruhiwa nyuso huko Sidcup, Uingereza, baada ya Vita Kuu ya Kwanza. Laringoskopu ya kamera hulionyesha zoloto kwenye skrini, kwa kawaida kwa uwazi zaidi, na hupunguza haja ya koleo. Kwa mgonjwa anayeweza kufungua mdomo, mimi ningeipa nafasi ya kwanza. Zote mbili, hata hivyo, hudai mdomo ufunguke. Taya likikaza kabisa, mrija unaopindika ndio tegemeo, kwa kuwa hupita puani hadi kwenye koo la hewa hata mgonjwa akiwa macho, kwa ganzi tu, ingawa unahitaji mkono uliozoea na lenzi yake huzibwa upesi na damu.

Na damu ndiyo kero kubwa kuliko zote. Laringoskopu, iwe na kamera au isiwe nayo, huona kooni tu, ilhali mchubuko hutokea mapema zaidi, ndani ya pua, mpira unapopenya pasipo kuonekana. Kwa hiyo maandalizi yana uzito kuliko chombo: matone ya kubana mishipa ya damu kama vile oksimetazolini, mpira uliolainishwa katika maji ya uvuguvugu na kupakwa jeli, tundu la pua lililo wazi zaidi, na mpira usio mnene, ambao kwa mtu mzima huwa na kipenyo cha ndani cha milimita 6 hadi 7, ukisukumwa taratibu kufuata sakafu ya pua.

Mweleze daktari wako ikiwa hutokwa na damu puani mara kwa mara, umewahi kupasuliwa pua, au unatumia dawa za kuzuia damu kuganda. Iwapo picha zitaonyesha kwamba sakafu ya fuvu nayo imevunjika, pua huepukwa kwa kawaida, na mojawapo ya njia mbadala ni kuutoa mpira kupitia tundu dogo linalopasuliwa chini ya kidevu, mbinu iliyoelezwa na Hernández Altemir mwaka 1986.