Makaburi ya wafalme Saint-Denis: usiende Jumapili asubuhi

Msomaji mmoja ameniandikia kwamba atapita Paris kwa siku mbili, na ametenga nusu saa ya Jumapili asubuhi aone makaburi ya wafalme wa Ufaransa katika Basilika ya Saint-Denis, mji ulio kaskazini tu mwa Paris. Jumapili asubuhi hutaona kaburi hata moja, ndugu yangu. Hili ni kanisa kuu la jimbo tangu 1966, kuna misa, na siku hiyo sehemu ya makaburi hufunguliwa saa sita mchana. Siku nyingine ni saa nne asubuhi. Hufungwa 1 Januari, 1 Mei na 25 Desemba. Tena tenga saa mbili, si nusu saa.

Panda metro namba 13. Angalia ubao kabla ya kuingia, kwa sababu reli hii hugawanyika kituo cha La Fourche: treni moja huenda Saint-Denis, nyingine Asnières na Gennevilliers. Ukichukua isiyo yako, shuka na urudi La Fourche. Kituo chako ni Basilique de Saint-Denis. Kabla yake kuna Saint-Denis – Porte de Paris; jina lisikuhadae ukashuka mapema.

Kosa kubwa zaidi hutokea mlangoni. Mlango wa magharibi unakuingiza bure kwenye ukumbi wa waumini, na ukiwa pale unaona sanamu kwa mbali, ng'ambo ya uzio. Mtu hupiga picha mbili akaondoka akidhani amemaliza. Makaburi yana tiketi yake, na mahali pa kuikata ni ubavuni mwa kanisa, upande wa kusini.

Kabla hujatazama uso wowote, lijue jambo moja: chini ya sanamu hizi hakuna mtu. Agosti 1793 wanamapinduzi wa Ufaransa walivunja makaburi. Oktoba wakafukua miili, madini ya risasi ya majeneza yakayeyushwa kwa ajili ya vita, na mifupa ikatupwa katika mashimo mawili upande wa kaskazini na kumwagiwa chokaa. Sanamu nyingi zilipona kwa sababu Alexandre Lenoir, mtunzaji wa kazi za sanaa, alizihamishia katika jumba lake la makumbusho Paris. Zilianza kurudi 1816, zikiwa na nyingine zilizotoka makanisa yaliyobomolewa. Ndiyo maana sanamu ya Clovis, mfalme wa kale, imelala hapa ingawa alizikwa Paris kwenyewe. Asiyelijua hili husoma kila jiwe vibaya.

Jambo la pili ni sura. Karibu 1263 Louis IX aliagiza sanamu 16 za wafalme na malkia waliokufa zamani, baadhi yao karne nyingi kabla. Wachongaji hawakuwahi kuwaona, kwa hiyo usitafute kufanana. Tafuta taji, fimbo, mikunjo ya nguo. Kisha nenda kwa Charles V, kazi ya André Beauneveu iliyoagizwa 1364 mfalme akiwa hai. Pua ile nene ni yake mwenyewe. Wakae hao wawili akilini, mfalme wa kubuni na mfalme wa kweli, na safari nzima itafunguka.

Angalia pia mikono. Charles wa Anjou, ndugu yake Louis IX, ameshika moyo, kwa kuwa kaburi lile lilikuwa la moyo wake peke yake. Miili ya wakubwa wa zama hizo iligawanywa, ikazikwa mahali tofauti. Malkia Isabelle wa Aragon alifariki Cosenza, Italia, 1271, akirudi kutoka vita vya Tunis. Mwili ulichemshwa, nyama ikazikwa kulekule, mifupa ikaletwa hapa. Marmari yake nyeupe juu ya bamba jeusi ni miongoni mwa kazi safi kabisa humu.

Makaburi matatu marefu ndiyo yanayowashinda wageni, maana yana ghorofa mbili. La François I liko kusini. La Louis XII na Anne wa Bretagne, na la Henri II na Catherine de Médicis, yako kaskazini. Juu wamepiga magoti wakiwa hai, chini wamelala uchi wakiwa maiti. Kwa walio juu rudi nyuma hatua kumi. Darubini ndogo itakusaidia sana. Kwa walio chini inama, uchungulie kati ya nguzo. Tumboni mwa Louis XII na Anne utaona mishono: walipasuliwa ili miili isiharibike, na mchongaji hakuificha. Catherine aliishi miaka 30 baada ya mumewe. Sanamu yake ya kwanza ilikonda mno ikaachwa. Hii ya Germain Pilon inaonekana kama amesinzia. Picha piga bila taa ya kamera.

Nyuma ya altare ndipo Abate Suger, mkuu wa monasteri iliyokuwa hapa, alipojenga upya kati ya 1140 na 1144, na mtindo wa Gothiki ukapata sura yake. Mbavu za mawe hubeba paa, kwa hiyo kuta ziliweza kutobolewa na kujazwa vioo vya rangi. Vipo mashariki, vinawaka asubuhi, nayo ndiyo sababu ya kufika saa nne kamili siku ya kazi. Ukifika alasiri utaona vioo vilivyozimika, na hiyo ni hasara ya kweli.

Maliza kwa kushuka ngazi za chini ya altare. Vaa sweta, mawe yana baridi. Utakuta mabamba meusi ya Louis XVI na Marie-Antoinette, mfalme na malkia waliokatwa vichwa na wanamapinduzi, walioletwa 21 Januari 1815, na moyo wa mtoto wao uliowekwa Juni 2004. Usirudi juu kabla ya kufika kwenye mabamba yaliyojaa majina. Nyuma yake ndiyo mifupa iliyofukuliwa mashimoni 1817, imechanganyika, haijulikani ipi ni ya nani. Soma majina machache kwa sauti ya chini: wengi wa wale uliowaona juu wapo hapa.