Kadi Nyekundu Bila Saa Ni Pambo: kwa Mnaoanza Zamu Idara ya Dharura

Mkiripoti kazini huku Kisumu, huenda mkakuta bango la sepsisi (maambukizi yanayoufanya mwili uumize viungo vyake wenyewe) limebandikwa juu ya sinki, lina rangi na mishale. Lisomeni siku hiyohiyo, kwa sababu wiki ya pili hamtaliona tena. Jicho likishazoea kitu hukipita tu. Ukumbusho wa kutegemea ni ule unaofuatana na mgonjwa na ulioandikwa saa.

Kadi nyekundu ya sepsisi ikining'inia bila maandishi kwenye stendi ya dripu inakwambia mgonjwa ni mahututi, na hilo unaliona mwenyewe. Iandike kwa kalamu nene: "Ametambuliwa 14:10, dawa kabla ya 15:10." Mwongozo wa kimataifa wa 2021 unataka antibayotiki ndani ya saa moja iwapo presha imeporomoka au sepsisi inaelekea kuwa ndiyo. Kama kuna shaka na presha iko sawa, mna hadi saa tatu za kuchunguza.

Nani apewe kadi? Mtu mzima anayepumua mara 22 au zaidi kwa dakika, namba ya juu ya presha yake ni 100 kushuka chini, au amechanganyikiwa, mtilie shaka mapema, ingawa mwongozo huohuo unaonya tusitegemee dalili hizi tatu peke yake. Na pumzi zihesabiwe dakika nzima, tafadhali. Kuna chati ambazo wodi nzima inapumua mara 20, kuanzia mzee wa nimonia hadi kijana aliyevunjika kidole.

Kanda ya ziwa ina mtego wake: kipimo cha malaria kikitoa mistari miwili, kila mtu hushusha pumzi. Lakini aliyekulia hapa anaweza kuwa na vimelea vya malaria kwenye damu huku kinachomuua ni bakteria. Mpe dawa ya malaria, kadi ibaki. Mama aliyejifungua majuzi naye akija na homa, msikimbilie malaria na kuishia hapo.

Sasa, ile saa moja huenda wapi? Ifuatilieni mtaona: korido. Jamaa wa mgonjwa ametumwa na karatasi ya dawa, akapanga foleni ya kulipa, akarudishwa kupigiwa muhuri, akapanga tena dirisha la dawa. Kadi iliyo kitandani haimsaidii. Kwa hiyo karatasi ya dawa nayo ipate alama nyekundu na saa ileile, na mkubaliane mapema na wenzetu wa dirishani maana yake. Kisha umwambie, "Mama, usipange foleni, waonyeshe hii." Afadhali zaidi dozi ya kwanza itoke kwenye trei ya dharura, ile itakayonunuliwa irudishwe hapo. Mkipata mhasibu anayeelewa hili, mtunzeni.

Damu ya kuotesha bakteria ichukuliwe kabla ya dawa, ila chupa zikikosekana msingoje. Seftriaksoni, antibayotiki ya sindano, msiipitishe pamoja na dripu ya Ringer's lactate kwenye mrija mmoja, kwa kuwa hugandana na kalsiamu iliyomo. Safisheni mrija kwa maji ya chumvi kwanza.

Kuhusu maji ya dripu nina ubishi na kadi zenyewe. Nyingi zimechapishwa mililita 30 kwa kilo na kisanduku cha kuweka tiki. Utafiti wa FEAST uliofanywa Kenya, Uganda na Tanzania na kutolewa 2011 ulionyesha kuwa watoto wenye homa kali na mzunguko dhaifu wa damu waliopewa maji kwa kasi walikufa zaidi kuliko wasiopewa. Zambia, 2017, matokeo ya watu wazima wenye sepsisi na presha ya chini yalielekea hukohuko. Kwa mtoto, fuateni mwongozo wa watoto. Kwa mtu mzima, pale penye kisanduku andikeni "sikiliza mapafu", kisha mpime tena kila mnapoongeza chupa.

Anayetoa dozi ndiye anayeondoa kadi. Anaandika saa na jina lake kwenye faili, kadi inarudi meza ya mapokezi. Zikiisha mezani, pitieni vitanda kwanza kabla ya kuchapisha nyingine.