Santuri ya Usha aliyoirekodi Nairobi: ukiipata, usiiache

Ndugu aliyeuliza kama ile santuri ya "mama Mhindi anayeimba pop, iliyorekodiwa Nairobi" inafaa kununuliwa au ni pambo la ukutani tu: inunue, mradi haijapinda. Mimi ninayo na huipiga mara kwa mara.

Mwimbaji ni Usha Uthup. Zamani alijulikana kama Usha Iyer, kwa hiyo ukipekua makasha ya wauzaji tafuta majina yote mawili. Alizaliwa 1947 katika familia ya Kitamil, baba yake akiwa afisa wa polisi Bombay. Shuleni alitolewa darasa la kuimba kwa sababu sauti yake haikulingana na za wenzake; mwalimu, aliyeona kwamba muziki anao, akawa anampa vyombo vya kugonga. Mwishoni mwa miaka ya 1960 akaanza kuimba kwenye vilabu vya usiku, kwanza Madras, kisha Bombay, halafu Trincas kule Kolkata. Alipanda jukwaani na sari yake ya hariri na kidoti kikubwa kwenye paji la uso, akaimba pop na jazi. Kwa India ya wakati ule, mwanamke wa mavazi hayo hakutarajiwa kuonekana ndani ya klabu, sembuse kushika maikrofoni.

Miaka ya 1970 akaja Nairobi. Wahindi wa hapa walimwalika, lakini sifa zake zilivuka kumbi zao upesi. Aliimba kwa Kiswahili, tena nyimbo za uzalendo, akaimba "Malaika" na Fadhili William mwenyewe, Mkenya aliyeirekodi mwanzo, na Mzee Jomo Kenyatta akampa uraia wa heshima. Santuri unayoiulizia aliirekodi katika mji huu na bendi ya Fellini Five.

Yangu niliipata Ngara, kwa familia iliyokuwa ikihama na kugawa vitu vya nyumbani. Ilikuwa imebanwa katikati ya nyimbo za filamu za Kihindi, jalada limeliwa pembeni na mende. Nilipoiweka sindano, kilichonishika ni hiyo sauti waliyoikataa shuleni: nzito, inatoka kifuani, haina haraka. Hajaribu kujifanya mwimbaji wa Kizungu, wala hapambi maneno kupita kiasi. Baba yangu, aliyekuwa chumba cha pili, alinyamazisha redio yake akaja kukaa.

Hapa ndipo ninapotofautiana na wauzaji wengi. Wao huitupa kwenye kasha la "Kihindi" na kuuza kwa bei ya kutupa, kisha mnunuzi wa ng'ambo anaibeba kama kioja. Kwangu hiyo ni santuri ya Nairobi, na ikae rafu moja na benga na rumba zilizorekodiwa River Road. Miriam Makeba na baadaye Boney M waliipeleka "Malaika" duniani, na wanastahili shukrani. Usha alifunga safari akaiimba mjini kwetu, pamoja na huyo Fadhili. Sijui kwa nini jambo hilo halisimuliwi zaidi.

Sasa ununuzi wenyewe. Itoe ndani ya jalada uiinamishe kwenye mwanga wa jua. Alama nyembamba za juu juu zisikutishe. Mkwaruzo unaoshikika kwa ukucha ndio utakaorusha sindano. Itazame kwa ubavu, usawa wa jicho, uone kama ina wimbi, maana nyingi zilikaa darini na joto limezikunja. Vumbi na ukungu vinaoshwa kwa maji safi na tone la sabuni laini, ila usilowanishe karatasi ya katikati. Mwombe muuzaji aipige pande zote mbili. Wale wa Soko la Kenyatta huwa na mashine kibandani na hawakatai. Akikataa, mwachie, utafute kwingine, hasa Ngara na Parklands, nyumba zinapohamwa.

Na ukiwa nayo tayari lakini sindano yako imechakaa, badilisha sindano kwanza.